Kwa nini Kenny Dorham hatajwi, na pa kuanzia kumsikiliza

Swali: Shikamoo mwalimu. Napiga tarumbeta katika bendi ya usharika wetu huku Moshi. Rafiki yangu aliyesoma muziki alinipa wimbo uitwao Blue Bossa nijifunze, akaniambia umetungwa na mpiga tarumbeta wa Marekani aitwaye Kenny Dorham. Kila ninayemuuliza anamjua Louis Armstrong na Miles Davis, lakini huyu Dorham hakuna anayemjua. Je, hakuwa mpigaji mzuri, au kuna sababu nyingine? Na nikitaka kumsikiliza nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kupewa Blue Bossa mapema. Dorham alikuwa mpigaji mzuri sana, na mashahidi wangu ni wanamuziki wenzake. Charlie Parker alimwajiri. Thelonious Monk alimwita studio. Art Blakey, Horace Silver, Max Roach, Sonny Rollins, Andrew Hill, wote walipiga naye, na watu wa kiwango hicho hawakuwa na tabia ya kumbeba mtu kwa huruma. Waliokuwa jukwaani hawakuwahi kumdharau. Kilichomkosesha umaarufu ni jinsi jazi inavyogawa majina: jina humfuata kiongozi mwenye bendi inayodumu, na Dorham hakuwahi kupata bendi iliyodumu. Tena zaidi ya mara moja alijikuta akikalia kiti ambacho mtu mwingine, kipenzi cha watu, ndio kwanza ametoka.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1924 huko Post Oak, kijiji kilicho karibu na mji wa Fairfield, Texas. Jina lake kamili ni McKinley Howard Dorham, ndiyo maana rekodi kadhaa za mwanzo zilimwandika Kinny kabla jina la Kenny halijashika. Sekondari alisoma Austin, akaingia Wiley College, chuo cha Wamarekani weusi katika mji wa Marshall, na mwaka 1942 akapitia jeshini, ambako alikuwa kwenye timu ya ndondi. Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa tayari New York, wakati ule ambapo Dizzy Gillespie na Charlie Parker walikuwa wanaibadilisha jazi kwa mtindo wa bebopu: mwendo wa kasi, kordi nyingi (nota kadhaa zinazosikika pamoja), na solo ambazo mpigaji asiyejua kordi zake anaumbuka mbele ya watu.

Sasa fuatilia viti alivyokalia. Mwaka 1946 aliingia bendi kubwa ya Billy Eckstine kuchukua nafasi ya Fats Navarro, kijana aliyekuwa gumzo la wapiga tarumbeta wote wa New York. Mwishoni mwa 1948 Miles Davis aliondoka katika kundi la watu watano la Charlie Parker, na aliyeitwa ni Dorham. Mei 1949 alikuwa na Parker kwenye tamasha la jazi la Paris, na Davis naye alikuwa Paris hiyohiyo na kundi jingine. Hebu fikiria kijana wa miaka 24 aliyesimama kila usiku kando ya saksafoni ya Parker, mahali ambapo wasikilizaji bado wanamtafuta mtu aliyekuwapo jana yake. Zile rekodi za redio za kipindi hicho zinaonyesha mpigaji anayejua kila kordi lakini bado anatafuta sauti yake. Waandishi wengi walimpima hapo, wakafunga daftari.

Walipaswa kusubiri. Mwaka 1952 alirekodi na Monk kwa kampuni ya Blue Note, na mwishoni mwa 1953 akatoa albamu yake ya kwanza akiwa kiongozi, chini ya Debut, kampuni ndogo iliyoanzishwa na Charles Mingus na Max Roach. Kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa Jazz Messengers, pamoja na Art Blakey kwenye dramu, Horace Silver kwenye piano, Hank Mobley kwenye saksafoni na Doug Watkins kwenye besi. Tarehe 23 Novemba 1955 kundi hilo lilirekodiwa likiwa mbele ya watu katika klabu ya Café Bohemia, mtaa wa Greenwich Village, New York. Ukisikiliza rekodi ile utamsikia Dorham akipiga utunzi wake mwenyewe, Minor's Holiday, kwa kasi na uhakika wa mtu aliyekwisha kujipata. Lakini Blakey ndiye aliyebaki na jina la bendi kwa zaidi ya miaka 30, na watu wanapotaja wapiga tarumbeta wa Messengers wanaanza na Lee Morgan na Freddie Hubbard, waliokuja baadaye.

Mwaka 1956 alijaribu kusimamisha bendi yake, akaiita Jazz Prophets. Alikuwa na J.R. Monterose kwenye saksafoni na Bobby Timmons kwenye piano, na tarehe 31 Mei walirekodiwa palepale Café Bohemia, Kenny Burrell akijiunga nao kwa gitaa. Nakuomba uitafute rekodi hiyo. Ni bendi changa yenye kiongozi aliyejiandaa, na kila mtu ndani yake anasikika kana kwamba anajua ana miaka mingi mbele. Hazikupita wiki nne. Tarehe 26 Juni Clifford Brown, mpiga tarumbeta wa miaka 25 aliyependwa kuliko wote wa rika lake, alifariki katika ajali ya gari huko Pennsylvania. Brown alikuwa kiongozi mwenza wa kundi maarufu pamoja na Max Roach. Roach alihitaji mtu wa kuziba pengo hilo, akamwita Dorham. Dorham akaiacha bendi yake, akaenda, akakaa hadi 1958.

Naamini hapa ndipo palipoamuliwa mengi. Kwa mfukoni mwake ulikuwa uamuzi wa busara: kundi la Roach lilikuwa na kazi za uhakika, na Sonny Rollins alikuwamo. Kwa jina lake ilikuwa hasara kubwa. Watu walikuja wakiwa bado wanamlilia Brown, aliyekuwa na sauti nene, ing'aayo, inayojaza ukumbi. Dorham hakuwa na sauti hiyo wala hakuitaka. Kila tathmini aliyoipata kwa miaka miwili ilikuwa ni kulinganishwa na marehemu, na hakuna mtu aliye hai anayeshinda ulinganisho wa namna hiyo.

Sauti yake ikoje? Ni kavu kidogo, laini, haina mng'ao mwingi, na inakaa zaidi katikati ya tarumbeta kuliko juu. Hamalizi solo kwa kupaza sauti ili apigiwe makofi. Sisi tuliolelewa na matarumbeta ya harusi na ya kanisani tumezoea kwamba tarumbeta ni chombo cha kutangaza, kinachosikika hadi mtaa wa pili. Dorham anaitumia kuzungumza. Kila nota anaigusa kwa ulimi peke yake, wazi kabisa, hata kwenye mwendo wa kasi, na sentensi zake ni ndefu: anaanza wazo kwenye kordi moja, anapita tatu au nne, na analimalizia mahali ambapo hukutegemea lakini ukisikia unakubali. Uzuri wake uko katika nota alizozichagua. Mtu anayesikiliza huku anafanya shughuli nyingine atampita, na ndivyo alivyopitwa na wengi.

Miles Davis hakumpita. Alisimulia mwenyewe kwamba usiku mmoja pale Café Bohemia alimkaribisha Dorham apige na bendi yake, na Dorham akapiga vizuri mpaka mwenye bendi akaudhika. Kesho yake, anasema Davis, Dorham aliporudi alimkuta amejiandaa kulipiza. Davis hakuwa mtu wa kupoteza usiku wake kujiandaa kwa mtu wa kawaida.

Tuingie kwenye utunzi, maana hapo ndipo ninapomweka juu zaidi, na ndipo wewe ulipokutana naye. Blue Bossa ina vipimo 16 tu, kila kimoja cha midundo minne. Ukiiimba kwa nota za kwaya unaanza mi ya chini, unaruka hadi mi ya juu, kisha unateremka hatua kwa hatua: re, do, ti, la. Mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kushika mwanzo huo kwa kuusikia mara mbili. Lakini tazama kipimo cha 9. Wimbo ulikuwa umetulia kwenye C maina, na sasa unahamia D-flati meja, nusu hatua juu, unakaa huko hadi kipimo cha 12, halafu vipimo vinne vya mwisho vinaurudisha C maina. D-flati meja inashiriki nota tano na C maina, lakini kituo chake ni kingine kabisa. Nota mbili tu, D na G, zinashushwa nusu hatua. Mtunzi asiyejiamini angetangaza uhamisho huo kwa kishindo. Dorham anaupitisha kimyakimya, na msikilizaji asiyejua nadharia anasikia tu kwamba huzuni imepungua kidogo katikati, kisha imerudi. Ndiyo maana walimu wa jazi duniani kote wanawapa wanafunzi wimbo huu mwanzoni: ni rahisi kuimba, na ndani yake kuna somo zima la kubadili ufunguo.

Ladha ile ya Brazil haikuwa ya kuokota redioni. Mwaka 1961 Dorham alisafiri hadi Brazil na kundi la wanamuziki wa Marekani, na nyimbo alizoandika baada ya hapo zina alama za safari hiyo. Lakini hata kabla ya hapo alikuwa na sikio la muziki wa kusini. Albamu yake Afro-Cuban ya mwaka 1955 ina ngoma za konga za Carlos "Patato" Valdés kutoka Cuba, pamoja na Blakey, Silver, Mobley na trombone ya J.J. Johnson. Mtu aliyezoea muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya hatapata shida na albamu hiyo, kwa sababu bendi zetu nazo zilijifunza mengi kutoka sahani za santuri za Cuba zilizofika bandarini kwetu tangu miaka ya 1930. Anza na Afrodisia, kisha usikilize Lotus Flower, ambao ni wa polepole.

Blue Bossa yenyewe ilirekodiwa tarehe 3 Juni 1963, na hapa kuna jambo linaloeleza swali lako lote. Haikutoka katika albamu ya Dorham. Ilikuwa wimbo wa kwanza wa Page One, albamu ya kwanza ya Joe Henderson, kijana wa saksafoni ambaye Dorham ndiye aliyekuwa anamlea na kumshika mkono New York. Dorham alimpa nyimbo mbili, Blue Bossa na La Mesha, akapiga tarumbeta, na akaandika hata maelezo ya nyuma ya jalada kumtambulisha kijana kwa wasikilizaji. Leo mtu akitafuta Blue Bossa anaikuta chini ya jina la Henderson. Wimbo wake unaojulikana kuliko yote aliutoa zawadi.

Miezi miwili kabla, tarehe 1 Aprili 1963, alikuwa amerekodi Una Mas, albamu yake mwenyewe, na Henderson huyohuyo, Herbie Hancock kwenye piano, Butch Warren kwenye besi, na Tony Williams kwenye dramu. Williams alikuwa na miaka 17. Wimbo wenye jina la albamu unazidi dakika 15 na hauchoshi, kwa sababu Williams hakubali kurudia jambo lilelile nyuma ya mtu yeyote. Wiki chache baadaye Hancock na Williams walikuwa studio na Miles Davis, na kundi walilojenga naye likawa moja ya makundi yanayosifiwa kuliko yote katika historia ya jazi. Simlaumu Davis, alikuwa na fedha za kuwalipa na ratiba ya kuwaweka pamoja. Ninachotaka uone ni kwamba Dorham alikuwa na sikio la kuwatambua vijana hao, ila hakuwa na kitu cha kuwashikilia.

Hiyo ndiyo sababu ya fedha, na ina uzito. Mwishoni mwa 1963 Lee Morgan alirekodi The Sidewinder, ikauzwa kuliko kawaida ya Blue Note, na kampuni ikaanza kutamani kila albamu ifanane na hiyo. Dorham alitoa Trompeta Toccata, iliyorekodiwa Septemba 1964, akiwa na miaka 40. Ikawa albamu yake ya mwisho kama kiongozi kwa Blue Note. Muziki wa rock ulikuwa umeshakamata vijana, klabu za jazi zilikuwa zinafungwa, na mtu mwenye familia hawezi kuishi kwa sifa za wenzake. Aliandika uhakiki wa rekodi katika jarida la Down Beat, alirudi darasani kusoma muziki katika Chuo Kikuu cha New York, na aliendelea kupiga katika rekodi za wengine: Cecil Payne mwaka 1968, Clifford Jordan mwaka 1969. Figo zilimsumbua miaka ya mwisho mpaka akategemea mashine ya kusafisha damu. Alifariki New York tarehe 5 Desemba 1972, akiwa na miaka 48. Wapigaji waliofika miaka ya 1980 walirudishwa jukwaani, wakaalikwa Ulaya na Japani, wakahojiwa na kutunukiwa. Yeye hakufika huko.

Hayo hayamfanyi awe bila dosari, na sitaki uanze kumsikiliza ukidhani kila rekodi ni dhahabu. Mwaka 1958 aliwekwa studio moja na mpiga piano Cecil Taylor na mpiga saksafoni John Coltrane. Taylor alikuwa anavunja kordi, Dorham anazifuata, na unasikia wazi kwamba mmoja anamkera mwenzake. Mwaka huohuo alitoa albamu ya kuimba; sauti yake ya kuimba ni ya unyenyekevu tu, na hiyo nawaachia wanaompenda tayari. Katika rekodi kadhaa za katikati ya miaka ya 1960 midomo inachoka, nota za juu zinakwaruza. Lakini mwaka 1964 huohuo alikaa kwenye Point of Departure ya Andrew Hill, pamoja na Eric Dolphy, katika muziki mgumu usio na njia iliyonyooka, na alipata la kusema mle bila kujifanya mtu mwingine. Waliosema alibaki nyuma ya wakati hawakuisikiliza hiyo.

Pa kuanzia, basi. Kabla ya kitu kingine chochote, Quiet Kenny, iliyorekodiwa tarehe 13 Novemba 1959. Ni watu wanne tu: Dorham, Tommy Flanagan kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi, Art Taylor kwenye dramu. Hakuna saksafoni ya kumziba, kwa hiyo utasikia jinsi anavyoanza nota na jinsi anavyoiachia. Wimbo wa kwanza, Lotus Blossom, usikilize mpaka uweze kuuimba bila rekodi. Kisha chukua My Ideal humohumo, mwendo wa pole, usikie mtu anayepiga melodia ya mwingine kwa heshima, akiibadilisha kidogo tu pale inapohitaji.

Ukishamzoea, nenda Whistle Stop ya Januari 1961. Nyimbo zote saba ni zake, na nyingi zimebeba majina ya nyumbani na njiani: Buffalo, ambao ni mji jirani na Fairfield, Windmill, Sunset, Sunrise in Mexico. Hank Mobley yuko kwenye saksafoni, na Philly Joe Jones kwenye dramu anawasha moto chini yao. Wa mwisho, Dorham's Epitaph, ni wa dakika moja na kidogo. Ningekuwa na ruhusa ya kumpa mtu albamu moja ya jazi ya kipindi kile inayoonyesha utunzi mzuri ulivyo, ningempa hiyo, na ningewaacha nje wengi wenye majina makubwa. Baada ya hapo ndipo Afro-Cuban, Una Mas, na ule usiku wa Mei 1956.

Kuhusu kujifunza kwako: usianze kwa kutafuta nota za juu. Chukua solo yake katika Blue Bossa ya Page One, isikilize kwa vipande vya vipimo vinne, iimbe, kisha iandike mwenyewe kwa penseli hata ukikosea. Ipige polepole, na kila nota uiguse kwa ulimi kama yeye, bila kuburuta. Usisahau kwamba tarumbeta yako bila shaka ni ya B-flati: mpiga piano wenu akiwa kwenye C maina, wewe utakuwa unasoma D maina, na kile kipande cha kipimo cha 9 hadi 12 utakisomea E-flati meja. Mpe mpiga besi huo mpango kabla ya mazoezi, kwa sababu wengi huteleza hapohapo kwenye kipimo cha 9.